Maji Yaliyopanda Ngazi

Ndinda alikuwa ameketi katika ofisi ndogo chini ya ploti ya Mwangangi, jengo la kupangisha la ghorofa saba kule mtaa wa Kware, akiandika maelezo ya zana. Mwangangi alikuwa amenunua wakala wa akili unde, programu ya kumfanyia kazi ambazo binadamu walimfanyia kwa kununa: kufunga lango, kuwasha taa za ngazi, kufungulia maji. Lakini wakala hana macho. Hujua tu alichoandikiwa: zana hii hufanya nini, itumike lini, isitumike lini, na ikishindwa imwambie mtu nini.

Kuhusu maji, Ndinda alimwuliza Mulwa, keateka aliyelitunza jengo.

"Hiyo andika tu 'kama kawaida'," Mulwa akasema. "Si kila mtu anajua?"

Akaandika hivyo. Wakala akauliza kawaida ni ipi. Wapangaji wa juu walikuwa wameuliza kwa nini maji hayawafikii, miaka nenda miaka rudi, wakijibiwa kwamba ni mambo ya pampu. Mashine ilipouliza mara moja tu, Mwangangi aliitisha mkutano na kuagiza chai na mandazi.

"Mashine haitaki mafumbo," alisema. "Ielezwe vizuri. Iheshimiwe."

Ndinda aliishi ghorofa ya saba, ya mwisho, na dada yake Nthoki, aliyejifungua kwa upasuaji. Hospitali walimkataza kubeba kitu kizito kuliko mtoto. Lakini Ndinda akiwa kazini na maji yakiisha, Nthoki alishuka na mtungi, na kidonda kilikuwa kimeanza kuachia. Jambo hilo lilimkereketa Ndinda, akaiacha chai yake. Akachukua mkataba wa wapangaji, akaandika kama ulivyosema: "Zana hii hufikisha maji kwa kila mlango, ghorofa ya kwanza hadi ya saba. Asikose mtu."

Wakala akasoma, akatii. Pampu, hata hivyo, Mwangangi alikwisha kuihamishia pale anapooshea magari ya wateja wake, na mabomba ya juu yalikuwa makavu. Basi maji yakatumia ngazi. Yalipanda polepole, yakishika reli, yakiwapisha watoto wa shule. Ghorofa ya nne yalipumzika kidogo. Ya saba yakabisha hodi.

"Karibuni," Nthoki akasema. "Pitieni hapo jikoni. Msiniamshie mtoto."

Yakaingia kwenye beseni, yakatulia. Jirani yake, Triza, alichungulia akiwa na tambara mkononi.

"Si mngefuta miguu kwanza? Hii koridoo nimepiga deki sai tu."

Kuanzia hapo maji yalikuja kila asubuhi, na yalifuta miguu. Kidonda cha Nthoki kikaanza kukauka.

Kisha mteja mmoja wa Mwangangi akaachwa na gari lililojaa povu, maji yakiwa yameenda kwa wapangaji. Mwangangi akaja ofisini.

"Msichana, umeidanganya mashine."

"Nimeandika vile mkataba unasema, mzee."

"Mkataba ni wa watu. Hii ni mashine. Iandikie ukweli."

Ndinda akaandika ukweli, tena bila kuupaka asali, akitumaini kwamba utamwaibisha: "Maji hayapiti ghorofa ya tatu. Sababu: mwenye ploti anayatumia kuoshea magari. Mpangaji akiuliza, aambiwe hivyo kwa adabu, na asijaribu tena."

Mwangangi alivaa miwani akasoma, midomo ikimchezacheza. Ndinda alingoja. Mtu huyo ni mkavu wa macho kuliko mabomba yake.

"Safi kabisa," akasema. "Hii hata mtoto anaelewa. Mulwa, njoo uone vile kazi inafanywa."

Kesho yake maji yalipanda hadi ghorofa ya tatu, yakasimama. Ndinda alikuwa kazini. Nthoki alisubiri hodi, akachoka kusubiri, akamfunga mtoto mgongoni na kushuka na mtungi.

"Samahani, mama," maji yakamwambia. "Hatupiti hapa. Mwenye ploti anatutumia kuoshea magari. Tafadhali usijaribu tena."

"Haya, asanteni kwa kunieleza," Nthoki akasema, na alishukuru kwa dhati, maana tangu ahamie pale hakuna aliyewahi kumpa sababu ya kweli.

Akachota mtungi ukajaa, akashika tumbo kwa mkono mmoja, akaanza kupanda. Maji yakajisogeza ukutani, yakampisha.