Ndama wa Meneja

Ng'ombe aliitwa Sista. Alikuwa wa kijivu mwili mzima na mweupe shingoni, na tangu azaliwe alikuwa hajakaribiwa na dume, kwa hiyo jina lilimkaa vizuri kuliko linavyowakaa wengine. Alikuwa mpole, mdogo wa umbo, na alikuwa na kasoro moja tu: hakuwa wa Hilaria.

Alikuwa wa Mzee Paskasi wa Dareda, mjomba wa mumewe. Kwa watu waliotoka Mbulu, mwenye ng'ombe wengi hawajazi wote katika zizi moja. Mmoja humpa mpwa wake, mwingine humpa rafiki, ili ugonjwa ukiingia mahali usifagie kila kitu. Anayefuga hunywa maziwa na kuchukua samadi. Ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, ngozi inapelekwa kwa mwenyewe na mlezi anaeleza kifo kilivyokuja. Kikiwa ni cha ugonjwa, watu wanapeana pole na kunywa kibuyu kimoja. Kikiwa ni cha ujinga wako, hapo hakuna kesi wala faini. Watu wanakaa kimya tu, na kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayekupa ng'ombe mwingine, wewe wala watoto wako. Kimya hicho Hilaria alikuwa amekiona kikiwakalia watu wawili pale kijijini kwao Mutuka. Nyumba zao zilinuka majivu bila samadi.

Yeye na mumewe Fabiani walikuwa na ng'ombe wao watatu zamani. Wakafa kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe, mwaka ule josho lilipokosa dawa likageuzwa bwawa la vyura. Ndipo Mzee Paskasi akateremka na Sista, akamfunga kwenye nguzo, akasema neno moja tu la masharti: "Akihitaji dume, mpelekeni Sigino kwa Teodori."

Dume la Teodori lilikuwa jekundu, fupi, lenye nundu iliyoinama upande kama kofia ya mlevi. Halikuwa na uzuri wowote. Lakini lilikula miiba, lilikunywa tope, na kupe wakilipanda walijuta wenyewe. Mzee Paskasi alilisifu kama wengine wanavyomsifu askofu.

Basi siku ya Mtakatifu Yosefu, mwezi wa tatu, Sista akaamka analia, anataka dume. Fabiani alikuwa mjini kwenye foleni ya sukari tangu alfajiri. Hilaria akachukua kamba, akamwongoza ng'ombe kwenda Sigino. Ukweli ni kwamba njia ya Sigino haipiti nyuma ya nyumba ya Mama Ombeni pale Bagara. Hilaria ndiye aliyeipitisha.

Mama Ombeni, jina lake Eliakunda, alikuja Babati na mumewe fundi wa magari kutoka Machame, na walikuja na dume jeusi lenye mabaka meupe, la kisasa, lililoletwa ndani ya lori likiwa bado ndama. Walilipa jina la Meneja, maana miaka ile wanene walikuwa mameneja tu. Binti za Meneja walikuwa wakikamuliwa ndoo. Hilaria alikuwa ameiona ndoo hiyo kwa macho yake, imejaa hadi povu linamwagika, na yeye nyumbani alikuwa akiwapikia watu wake unga wa njano wa msaada, uji ambao hata mbwa aliunusa kwanza.

"Huyu wako mbona mdogo hivi, Mama Antonia?" Mama Ombeni aliuliza.

"Hata mimi nilikuwa mdogo nilipoolewa."

"Wewe hukuolewa na tembo."

Wakacheka. Kazi yenyewe ilikwisha kabla Salamu Maria moja haijafika amina. Jioni Fabiani aliuliza Teodori anasemaje, naye Hilaria akajibu, "Anakusalimu sana." Fabiani akaipokea salamu, akala, akalala.

Furaha ya Hilaria ilidumu miezi sita. Mwezi wa tisa waliitwa kupeleka ng'ombe joshoni kuhesabiwa. Dawa haikuwapo, lakini kuhesabu hakuhitaji dawa. Bwana Mifugo, kijana mmoja aliyeitwa Mosi, alikuwa akiandika kwenye daftari. Alipofika kwa Sista akaacha kuandika. Akaweka kiganja ubavuni kwa chini, akasukuma, akangoja, akasukuma tena.

"Mama, huyu alipandwa na dume gani?"

Hilaria akaangalia kulia na kushoto. "La Sigino."

"La Sigino la nani?"

"Kwani madume mnayaandikia vyeti?"

Mosi hakucheka, na hilo ndilo lililomtia Hilaria baridi, kwa sababu alikuwa kijana wa kuchekacheka. "Nauliza kwa sababu ndama ni mkubwa mno kwa miezi hii. Mtamba wa kienyeji nyonga yake ni nyembamba. Ukimpandisha dume la kisasa kwa uzao wa kwanza, ndama anakwama. Mwaka jana niliitwa kwa wawili."

"Wakawaje?"

"Tulikula nyama," alisema Mosi, akaendelea na ng'ombe wa jirani.

Tangu siku hiyo Hilaria hakutulia. Akilala, anasikia ndama akikua. Akiamka, anakwenda zizini kabla hajanawa uso, anapima ubavu wa Sista kwa shubiri, na kila wiki shubiri zinaongezeka. Alihesabu miezi kwa vidole kama anayehesabu ya kwake. Ilimwangukia karibu na Noeli, na Noeli ndipo Mzee Paskasi huteremka kuwasalimu.

Alifikiri kumwambia Fabiani. Alifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza akaomba chumvi, mara ya pili akasema kuku wanaumwa, mara ya tatu akakohoa.

Ndipo akajipa akili yake mwenyewe, na akili ya mtu mwenye hofu ni ya kuogopwa kuliko hofu yenyewe. Kama ndama ni mkubwa, alijiambia, dawa ni njaa. Mama asipokula, mtoto atanenepa kwa nini? Akaanza kumpunguzia Sista majani. Mabua aliyoleta Fabiani, nusu akayarudisha shambani Fabiani akigeuka. Pumba akawapa kuku. Sista akamtazama kwa macho yale ya upole, akalamba kihori kitupu, na Hilaria akageuza uso.

Mwezi wa kumi na moja mbavu za ng'ombe zikahesabika. Tumbo halikupungua hata kidole kimoja. Mgongo ulibonyea, miguu ikawa fito, na katikati likaning'inia tumbo lile kama gunia kwenye baiskeli.

"Ana minyoo huyu," Fabiani alisema.

"Labda."

"Au ndigana."

"Usitaje jina hilo zizini," Hilaria akamkata. Alikuwa ameanza kuelewa. Ndama hafungi. Anayefunga ni mama. Akarudisha majani haraka, akaiba na viazi vya mbegu akampa, lakini mwezi mmoja haumalizi kazi ya miwili.

Mzee Paskasi aliingia Mutuka siku ya tatu baada ya Noeli, saa moja asubuhi, na fimbo yake na koti lake la mvua.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Antonia hajambo?" Hakungoja jibu. Alikuwa ameshamwona Sista. Akamzunguka mara moja, taratibu. "Huyu mmemfungisha Kwaresima mpaka Noeli?"

Fabiani akaeleza habari ya minyoo. Hilaria akakimbilia jikoni kuweka chai isiyo na sukari, na akiwa huko akasikia Sista akilia. Hakuhitaji kuambiwa ni kilio gani.

Saa mbili chupa ikapasuka. Mzee Paskasi akaketi juu ya gogo, amestarehe. "Ng'ombe wetu huachwa," alisema. "Mtu asimguse. Anazaa mwenyewe kama mbuzi anavyodondosha kinyesi. Hao wa kizungu ndio wanaotaka wakunga."

Saa tatu Sista akalala chini. Akajikaza, akaacha. Akajikaza tena. Nguvu za kujikaza hazikuwapo. Hilaria alijua ziliko, zilikuwa kwenye mabua aliyoyarudisha shambani. Saa nne zikatoka kwato mbili za mbele, zikasimama hapo hapo.

"Aachwe," Mzee Paskasi akasema tena, lakini sasa alikuwa amesimama.

Hilaria aliziona kwato zile. Zilikuwa nene kama ngumi. Macho ya Sista yalikuwa yamegeuka meupe na ulimi umetoka upande. Kama angenyamaza, wangemwacha, kwa sababu mzee amesema, na mzee amesema kwa sababu anadhani ndani mna ndama mdogo mwekundu. Wangemwacha mpaka afe. Kisha ngozi ingekunjwa, na hakuna ambaye angejua, labda. Fikra hiyo ilipita kichwani mwake ikiwa imevaa vizuri kabisa, na hicho ndicho alichokuja kukiogopa zaidi siku za baadaye: kwamba aliitazama, na ilimpendeza.

"Kwato hizi si za Sigino," Mzee Paskasi akasema polepole.

Fabiani akacheka kidogo. "Mjomba, kwato ni kwato."

"Si za Sigino," Hilaria akasema. Sauti yake ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Ni za Meneja. Wa Mama Ombeni, Bagara. Nilimpeleka mimi. Fabiani hajui kitu. Na majani nilimnyima mimi, ili ndama asikue. Akiachwa atakufa, Mjomba. Bwana Mifugo alisema. Avutwe."

Kile kimya kilikuja, kikasimama katikati ya zizi kama mgeni aliyealikwa. Fabiani alimtazama mkewe kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

"Salamu za Teodori," akasema mwishowe. "Zile ulizoniletea."

"Zilikuwa za uongo."

"Nenda ukamwite Bwana Mifugo," Mzee Paskasi akamwambia Fabiani. "Kimbia. Na wewe, mama, lete kamba na sabuni."

Sabuni, nchi nzima, ilikuwa hadithi. Hilaria alikuwa na kipande kama kidole cha mwisho, alichokiweka kwa ajili ya shati la kanisani. Kikaisha kabla mkono haujafika kwenye kiwiko. Akaleta sufuria ya mlenda uliobaki jana, akajipaka mikono miwili hadi mabegani, akapiga magoti kwenye samadi. Mzee Paskasi alifunga kamba juu ya kwato kwa fundo ambalo mtu hafundishwi mara moja. Kumbe ng'ombe wanaoachwa, naye alishawahi kuwavuta.

"Akijikaza, vuta. Akipumzika, pumzika. Usimshinde."

Walivuta. Mosi alifika kwa miguu akihema, pikipiki yake haikuwa na mafuta tangu Oktoba, akaingiza mkono akageuza kichwa kilichokuwa kimelala upande. Wakavuta wanne. Sista alitoa sauti moja ambayo Hilaria hakuwahi kuisikia kwa mnyama wala kwa mtu, na ndama akateleza akaanguka juu ya mapaja yake, mzito, wa moto, mweusi na baka jeupe kwenye paji la uso. Jike. Mosi akampangusa pua, akampuliza. Ndama akapiga chafya.

Lakini mama yake hakuinuka. Miguu ya nyuma ilikuwa imelala kama si yake.

"Ni mishipa ya nyonga," Mosi akasema. "Jua likikaribia kuzama na hajasimama, chinjeni. Msimtese."

Hilaria alikaa kichwani pa Sista saa zote hizo. Alimpa maji kwa kata, akamlisha majani moja moja, akamkanda mapaja kwa maji ya moto na chumvi mpaka vidole vikafa ganzi. Fabiani alinoa panga kimya kimya upande wa pili wa nyumba, alidhani hasikiki. Kila mlio wa jiwe Hilaria aliuhesabu.

Saa kumi hivi, Sista alijaribu. Akaanguka. Akajaribu tena, Fabiani akaacha panga, akaja akamshika mkia, Mzee Paskasi akaweka bega ubavuni. Akasimama. Akatetemeka kama meza mbovu, akageuka, akamlamba mwanawe.

Jioni hiyo walikula pamoja. Mzee Paskasi akamaliza, akajipangusa mdomo.

"Ndama akiacha kunyonya," alisema, "nitakuja kumchukua Sista. Huyo ni wa kwangu, nimemchagua mimi."

Hilaria akainamisha kichwa. Alilitegemea hilo.

"Huyu mwenye baka atabaki. Simtaki Dareda, hajui kula miiba. Ni wako, mama, si wa kulea, ni wako kabisa. Ulimchagua mwenyewe, mfuge tumwone. Akifa, ngozi usiniletee. Kaa nayo."

"Mjomba, josho halina dawa," Hilaria akasema.

"Najua."

"Na hawa wa kisasa, kupe mmoja tu..."

"Najua," Mzee Paskasi akasema, akaomba maji ya kunawa. Hakuonekana amekasirika. Kama kuna kitu, alionekana kama mtu anayetaka sana kujua itakuwaje.

Alipoondoka asubuhi, Fabiani alisimama mlangoni pa zizi. "Watu watasema umepewa zawadi."

"Waseme."

"Mimi nitasemaje?"

"Sema mke wako ana ng'ombe," Hilaria akamjibu. Lakini utani wenyewe ulimkauka mdomoni, akachukua kigoda akaingia ndani.

Kupe wa kwanza Hilaria alimkuta siku ya tatu, ndani ya sikio la kushoto la ndama, mdogo kama punje ya ulezi. Akamng'oa kwa kucha, akamponda juu ya jiwe, akaligeuza sikio la pili kuelekea kwenye mwanga.