Jibril wa Saa Moja Jioni

Mtoto wa Ramula alizaliwa mara mbili. Mara ya kwanza Mpumudde, kwa uchungu wa siku nzima. Mara ya pili siku tatu baadaye, ndani ya tamthilia ya televisheni iliyokuwa ikipigwa picha huko huko Jinja, na aliyelia uchungu ni mwigizaji aliyenyunyiziwa maji usoni.

Watu wa televisheni nao hawatosheki. Wakataka na siku ya saba: mtoto anyolewe mbele ya kamera, apewe jina walilokwisha kuliandika, Jibril. Ramula akakubali, nani hapendi mwanawe aonekane nchi nzima? Mama mkwe wake, Hajati Zahara, alishuka kwenye basi la Mbale na kondoo wa akika, akakuta kichwa kimeshanyolewa.

"Mutoto amepewa jina na watu ya televisheni?" alisema. "Basi wakae naye."

Akarudi kwake Nakaloke, kule Mbale, yeye na kondoo wake.

Siku arobaini hazikutimia. Homa ikamchukua mtoto, akazikwa Nakaloke, na Ramula akabaki huko huko karibu na kaburi. Wanawake wawili nyumba moja, hawasemeshani.

Miezi sita baadaye tamthilia ikaanza kuonyeshwa. Hajati, ambaye macho yake yalikwishaingia ukungu, alivuta mkeka hadi karibu na televisheni. Kila saa moja jioni wakakaa goti kwa goti, wakimtazama akizaliwa, akiogeshwa, akinyolewa.

"Nilisema neno mubaya, binti yangu," Hajati alisema siku ya kunyolewa. "Na mutoto alisikia."

Wakalia pamoja. Ramula alijua picha zilipigwa siku nne tu, akamwomba Mungu azirefushe kama mtu anavyoongeza maji kwenye mchuzi.

Jumanne akatokea mtoto mwingine, mnene, mwenye nywele. Katika familia ile ya tamthilia hakushtuka hata mmoja. Yule mama wa maji usoni akambusu, akamwita Jibril. Lo, watu hawana haya! Ramula aliona anazika tena, na safari hii hakuna wa kumpa pole.

Hajati alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Ramula! Amenenepa. Anacheka! Ni yeye?"

Ramula akamtazama mkwewe, machozi yanamtiririka na meno yote nje.

"Ni yeye, mama."

"Alhamdulillahi. Basi amesamehe mimi." Akamshika mkono. "Kesho tukae mapema."

Wakakaa mapema, kesho na keshokutwa, na kila jioni Ramula akamsimulia jinsi anavyokua.