Kifuko cha Mbegu za Funza

Wiki moja baada ya Pola, sikukuu ya kuwapamba ng'ombe, pembe za ng'ombe wetu zikiwa bado na rangi, niliona ua la pamba lililokataa kufunguka. Petali zake zilikuwa zimeshikana kama zimeshonwa kwa uzi. Zamani hiyo ilikuwa dalili ya funza. Nikalichuma upesi, nikalificha kwenye pindo la sari.

"Umeficha nini?" Baba Sugandha, mume wangu, aliuliza kutoka mstari wa tatu.

"Mambo ya wanawake."

"Ya wanawake yana majani?" Akacheka, akaendelea na mluzi wake.

Miaka minane hakuwa amebeba bomba la kunyunyizia dawa ya wadudu. Zamani walilibeba kwa zamu na mdogo wake Gulab, mpaka siku upepo ulipogeuka ukamrudishia Gulab dawa yote usoni. Tangu hapo Gulab hukaa barazani, haoni. Mimi ndiye niliyeapa kwamba tutapanda mbegu mpya tu, ile ambayo mpamba wake una sumu ya funza ndani yake. Funza aking'ata, tumbo linamharibikia, anakufa. Na kweli walikufa, nikajiona mjanja.

Nilimwita Pratibha, bibi shamba wetu. Alichuma tumba bichi, safi kabisa kwa nje, akalipasua. Ndani mlikuwa na funza wa waridi, mnene, anatafuna mbegu bila wasiwasi.

"Huyu sumu haimwezi tena, mama. Vile vifuko vidogo mlivipanda?"

Kila mfuko wa mbegu ulikuja na kifuko cha pamba ya kawaida, isiyo na sumu, ya kupandwa kuzunguka shamba. Nilivitupa jalalani vyote, kila mwaka, huku nikiwacheka waliovitia humo.

"Niwapandie funza chakula? Nina wazimu?"

"Ndiyo kazi yake. Kuna funza wachache wanaozaliwa sugu. Kwenye pamba ya kawaida wangepona wengi wasio sugu, waoane nao, na watoto wafe kwa sumu. Mkiitupa, sugu wanaoana wenyewe kwa wenyewe."

"Si mimi peke yangu niliyetupa!"

"Najua. Kijiji kizima."

Tulipasua matumba ishirini. Kumi na manne yalikuwa na funza. La mwisho nililipasua kwa pupa, nikajikata kidole.

"Sasa tufanye nini?"

"Mitego ya kunasa nondo wanaozaa funza hawa, lakini mmechelewa. Kwa mwaka huu imebaki dawa."

Nilipogeuka, Baba Sugandha alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Alikwenda kulitoa bomba darini, akalipangusa utando wa buibui, akachanganya dawa. Nilimfunga kitambaa puani na mdomoni. Macho sikuwa na cha kuyafunika.

"Subiri kesho," nikamwomba.

"Kesho watakuwa wamemaliza shamba, Mama Sugandha."

Gulab alisikia mikanda ya bomba ikilia. Alisimama barazani, uso ameuinua, akiusikiliza upepo kwa mashavu.

"Shemeji, mwambie kaka asianze. Unageuka."

Sikuhisi kitu. Kisha vumbi la uani likainuka, likaja upande wetu.

"Unageuka! Kaka!"

Nilikimbia nikiita. Baba Sugandha alikuwa ameshaingia mstari wa kwanza, na kwa mlio wa bomba hakuwa akitusikia.