Sauti ya Bomba la Kasingirima

Saa kumi na mbili asubuhi madumu yalikuwa yameshapangwa foleni kwenye bomba la Kasingirima, na dumu la Honorata lilikuwa la saba. Bomba lile lililetwa na diwani, Mheshimiwa Alphonce, mume wa mdogo wake Honorata. Kabla yake watu walichota ziwani na watoto wakiharisha kila masika. Hilo hata Honorata halikani.

Mama wa kwanza alifungua koki. Yakatoka maji, na pamoja na maji ikatoka sauti ya Marcelina, mke wa diwani.

"Basi, Baba Walter, basi. Nimekosa."

Kikasikika kishindo, kisha maji matupu.

"Leo ameanza mapema," alisema yule mama, akasogeza dumu la pili.

Sauti ilianza mwezi wa pili. Kamati ya maji ilimwita fundi Martini, akabadilisha mpira wa koki, sauti ikaendelea. Akabadilisha koki nzima, ikatoka safi zaidi. Kwenye daftari la kamati aliandika kwamba bomba halivuji. Tangu sauti ianze bombani, Marcelina hakuwa na sauti nyumbani. Honorata alipokwenda kumwona, alimkuta jicho moja limefumba kwa uvimbe, akimwonyesha kwa mkono aketi, akimmiminia chai.

Wiki moja kabla ya uchaguzi mkutano uliitishwa pale pale bombani. Honorata alisimama.

"Mnamsikia kila siku. Yule ni mdogo wangu. Huyu mtu atamuua. Msimrudishe kwenye udiwani."

Mzee Eliakimu, mwenyekiti wa kamati, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pole, mwanangu. Lakini ya ndani kwake ni ya ndani kwake. Sisi tunachagua diwani, hatuchagui mkwe."

Watu wakacheka kidogo. Hasira ilimpanda Honorata, maana waliocheka ni majirani zake, waliokula ubwabwa wa harusi ya Marcelina.

"Mlinzi wa shule mlimfukuza kazi mwaka jana kwa kumpiga mkewe. Wewe mwenyewe, mzee, ulisema hafai kukaa karibu na watoto."

"Mlinzi hakuleta maji," alijibu Mzee Eliakimu, akaingia kwenye ajenda inayofuata.

Alphonce alishinda. Kwa shukrani akaleta bomba la pili, karibu na shule, nalo likaanza kusema siku ya uzinduzi, katikati ya hotuba yake. Alingoja limalize, akaendelea.

Kesho yake Honorata alitega dumu lake kwenye bomba la zamani. Maji yalipofika nusu, sauti ikamwita kwa jina.

"Honorata. Dada, njoo unichukue."

Honorata alikuwa ameshakwenda nyumbani kwa mdogo wake mara mbili wiki ile, na mara zote mgambo aliyewekwa getini alimrudisha. Akabaki ameshika koki. Foleni ilikuwa imefika barabarani.

"Dada," alisema kwa upole mama aliyemfuata, "limeshajaa. Sogea na wengine tuchote."