Rangi Zilizohamishwa Jumamosi

Shangazi alinipa kazi ya kuchagua programu ya ghala kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mimi ndiye mwenye mdomo. "Hao wauzaji wanasema sana," aliniambia. "Nataka mtu wa kuwajibu." Nilikubali papo hapo, na nikiri mapema kwamba sikukubali kwa ajili ya kampuni. Nilitaka kumshinda Ba'mdogo.

Kampuni ni ya Shangazi: mabomba, makufuli, vigae, rangi, wafanyakazi thelathini na wanane. Ba'mdogo ni mdogo wake na mdogo wa marehemu baba yangu, na ndiye msimamizi wa ghala tangu kuta zake hazijapigwa plasta. Wafanyakazi wanamwita Ramani. Mwulize koki ya nusu inchi iko wapi, atakwambia safu ya saba, rafu ya tatu, upande wa ukutani, bila hata kuinua kichwa. Sheria yake ni moja tu: kitu hakihamishwi. Ukisogeza hata fagio utakiona cha mtema kuni.

Sheria hiyo ilinikera kwa miaka. Rangi zinatoka mara arobaini kwa siku, lakini zilikaa safu ya kumi na mbili, mwisho kabisa wa ghala, eti kwa sababu ndipo ziliposhushwa siku ya kwanza. Karatasi za oda hakuzisoma mwenyewe. Mama Lebo, anayebandika lebo kwenye maboksi, alisimama pembeni yake na kumsomea kwa sauti kama katibu wa waziri. "Madaraka hayo," nilizoea kusema, na wenzangu wa ofisini wakicheka. Halafu mwaka huu hoteli moja iliagiza rangi nyeupe ikapelekewa ya maziwa, mara mbili ndani ya wiki tatu. Ba'mdogo alisema lebo zilikosewa. Mama Lebo aliinamisha kichwa. Hapo ndipo Shangazi aliponiita.

Walikuja wauzaji watatu. Wa kwanza alituonyesha picha nzuri ukutani mpaka mtandao ulipokatika, na programu yake nayo ikakata roho. Wa pili alitaka tujaze maswali sitini na nne kabla hajatuambia kama programu yake inajua tofauti ya bomba na kiungo cha bomba. Wa tatu tulimpachika jina la Bwana Mkoba kwa sababu hakuwahi kuutua mkoba wake chini, hata akinywa chai. Yeye alikuja na vipokea sauti vya kuvaa masikioni. Programu yake inasema. Mfanyakazi anavaa, sauti inamwambia nenda safu ya tano, chukua makufuli manane, naye anajibu "tayari." Niliipenda, nikaomba mwezi mmoja wa majaribio.

Ba'mdogo alikishika kile kipokea sauti, akakipapasa, akanirudishia.

"Hii redio itaniambia nini nisichokijua?"

"Itakwambia rangi zikae karibu na mlango, Ba'mdogo."

"Rangi zina mahali pake."

"Watu wanachakaza miguu bure."

"Fanya unachotaka, mwanangu. Jaza majina, jaza namba, vaeni hizo redio. Ila usinihamishie kitu."

Jioni ile niliondoka nimefura. Garini binti yangu, ambaye yuko darasa la nne, alianza tabia yake. Kila tukifika kwenye taa za barabarani anapaza sauti kutoka kiti cha nyuma: "Nyekundu! Bado... bado... kijani, twende!" Aliizoea enzi zile Ba'mdogo anampeleka shule kila asubuhi, darasa la kwanza na la pili, kabla mzee hajauza gari lake akidai linakunywa mafuta. Siku nyingine huwa namwacha. Siku hiyo nilimfokea. "Nyamaza, mama. Nina macho."

Wiki ya pili ya majaribio, programu ilitoa ripoti yake. Rangi zihamie kwenye uwazi ulio mbele ya mlango mkubwa, katika rafu mpya, na kila mfanyakazi atapunguziwa mwendo wa kilomita tatu kwa siku. Kilomita tatu! Nilikwenda na ile karatasi kwa Shangazi kama niliyeshinda kesi. Aliisoma, akaivua miwani, akaivaa tena, akatia sahihi. Nami nikatia yangu chini ya yake.

Jumamosi Ba'mdogo alikwenda kumjulia hali ndugu mgonjwa, na ndipo tulipohamisha. Sikumwambia. Nilitaka Jumatatu aingie, aone kwa macho yake, akose la kusema.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilisimama mlangoni na Bwana Mkoba, tabasamu hadi masikioni. Ndoo mia tatu za rangi zilikuwa zimepangwa kwenye rafu mpya, zinavutia. Mama Lebo alikuwa ameinama mbele ya rafu hiyo, akibandika lebo. Ba'mdogo aliingia kwa mlango wa pembeni kama kawaida, akatusalimu, akapanda foklifti, lile gari dogo lenye uma wa kunyanyulia mizigo. Alikata kona ya safu ya nne. Akanyoosha kuelekea ule uwazi, akaongeza mwendo.

Nilidhani ananitisha. Kweli nilidhani hivyo, kwa sekunde mbili ambazo sitazisahau.

Nilipiga ukelele usio na neno ndani yake. Mama Lebo aligeuka akajirusha pembeni, na uma ukaingia kwenye ndoo pale pale kilipokuwa kichwa chake. Rafu ilikunjika. Ndoo ziliporomoka moja juu ya nyingine, vifuniko vikaruka, rangi nyeupe ikamwagika sakafuni mpaka kwenye viatu vyetu. Kisha kukawa kimya, ila ndoo moja tu iliyokuwa ikiendelea kubingirika.

"Nani ameweka ukuta hapa?" Ba'mdogo aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

Mama Lebo aliinuka, rangi inamchuruzika kutoka kwenye kitambaa cha kichwa hadi miguuni, akasimama hatua mbili mbele ya foklifti. Ba'mdogo aligeuza kichwa kushoto, akageuza kulia.

"Mama Lebo yuko wapi?" alisema. "Jamani, nimemsikia hapa. Mama Lebo yuko wapi?"

"Niko hapa, Ramani," alijibu Mama Lebo. "Niko mbele yako."

Mkoba wa Bwana Mkoba ulidondoka kwenye rangi. Nilimtazama mzee yule anayenyoosha mkono hewani kuutafuta uso wa mtu aliye mbele yake, na mambo yakaanza kunijia moja baada ya jingine: karatasi zilizosomwa kwa sauti, rangi ya maziwa, fagio lisilosogezwa. Haoni. Ramani wetu haoni, na sisi sote tunaokula mshahara kwa kuona hatukuona.

Nilipanda ofisini kwa Shangazi na viatu vyangu vyeupe, bila kubisha hodi.

"Ba'mdogo haoni!"

Shangazi hakushtuka. Hilo ndilo lililonishtua kuliko kishindo cha chini. Alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono miwili.

"Kuna aliyeumia?"

"Shangazi, ulijua?"

"Nimekuuliza, kuna aliyeumia?"

"Hakuna. Nusura. Ulijua?"

"Presha ya macho. Aliniambia miaka miwili iliyopita, alipouza gari." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Aliniapisha. Alisema ukinitoa ghalani, nitakaa wapi? Mdogo wangu ana nini kingine? Hana mke, hana mtoto. Nikasema bora ghala lisiguswe."

"Sasa kwa nini ulitia sahihi nihamishe?"

"Kwa sababu nilishindwa kumwambia imetosha. Nilifikiri mashine itamwambia. Atavaa ile redio, ataona mambo yamebadilika, atanijia mwenyewe." Machozi yalimtoka. "Nilifikiri utamwambia kabla, mwanangu. Wewe si ndiye mwenye mdomo?"

Nilitaka kumfokea. Nilikuwa na maneno ya kutosha wiki nzima. Lakini sahihi yangu ilikuwa chini ya yake, na Ba'mdogo sikumwambia kwa sababu nilitaka kumkomoa. Nilikaa chini, nikalia naye.

Foklifti tulimnyang'anya siku hiyo hiyo. Hakubisha. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka kiganjani mwangu, akavifunga vidole vyangu juu yake. Mama Lebo tulimpa likizo ya wiki mbili. Alirudi siku ya tatu, akadai nyumbani anaota ndoo.

Programu nilichagua ya Bwana Mkoba, ile inayosema, na safari hii sikutafuta ushindi. Kabla haijaanza rasmi, ilibidi ijazwe kila kitu kilipo, maana kwenye majaribio tulijaza bidhaa chache tu. Muuzaji alisema tutahitaji watu sita kwa siku kumi. Ba'mdogo alisema tunahitaji kiti. Alikaa karibu na meza yangu, akafumba macho, akasema: safu ya kwanza, rafu ya kwanza, bawaba za inchi tatu, maboksi ishirini na mbili. Mimi nikaandika. Ilituchukua siku tatu. Mama Lebo alipita nyuma akihakiki kwa vidole vyake mwenyewe, na katika aina elfu mbili na mia moja hakukuta palipokosewa.

Alasiri ya siku ya tatu, tulipomaliza safu ya kumi na mbili, sasa tupu, nilifunga kompyuta. Nilikuwa nampenda sana wakati ule, na nilikuwa na aibu.

"Ba'mdogo, Shangazi anasema ni miaka miwili."

"Dada alijua nilipomwambia." Alitabasamu kidogo. "Ni minne. Yalianza pembeni, taratibu, kama mtu anayefunga pazia. Mwaka ule mjukuu wangu alipoanza shule."

Nilisikia alichosema, kisha nikakisikia tena.

"Darasa la kwanza?"

"Ndiyo."

"Ba'mdogo, ni wewe uliyekuwa ukimpeleka."

Mikono yake ilianza kutafuta ukingo wa meza.

"Barabara niliijua," alisema hatimaye. "Kila shimo, kila tuta. Kilichonishinda ni zile taa, sikuweza kuzipata juu kule. Basi tukawa na mchezo wetu. Yeye anataja, mimi naendesha. Siku moja alichelewa kutaja, nikapita, lori likatupigia honi mpaka nikahisi upepo wake. Wiki ile ile nikauza gari. Nisamehe, mwanangu. Ilikuwa siri yetu, na yeye ameitunza."

Nilichukua funguo zangu nikatoka. Sikuwa na hasira hata kidogo, na hilo liliniogopesha. Nilikuwa baridi mwili mzima.

Nilimchukua binti yangu shuleni. Alipanda nyuma, akafunga mkanda, akaweka begi magotini. Tulikwenda hadi kwenye taa za kwanza. Nilisimama. Kwenye kioo niliuona uso wake umekaza, shingo ameinyoosha katikati ya viti viwili, macho juu, hapepesi. Hakuwa anacheza. Sijui niliwahije kufikiri kwamba anacheza.

"Nyekundu, mama," alisema.

"Asante, mama," nikamjibu. "Niambie ikibadilika."