Golf Nyekundu ya Mdumiseni

Jirani MaKhoza anaapa kwamba Golf mpya ya Mdumiseni ilipobadili gia kwa kishindo langoni kwake, mfuniko wa sufuria uliruka.

"Mama, si sufuria ilikuwa inachemka!" alicheka Hlengiwe, dadake Mdumiseni. Lakini hata yeye hakuwahi kuona gari zuri hivi, fupi, jekundu, limeinama mbele kama linataka kukimbia.

Baba yao alimwagia magurudumu pombe ya mtama, akawaambia wazee waliotangulia wawalinde watakaoliendesha. Mdumiseni akaja na kitambaa.

"Wewe, usifute! Acha wazee wanywe," baba alimkemea.

Hlengiwe ana leseni mwaka wa pili sasa, na hajaachiwa usukani hata siku moja.

"Kaka, niachie nifike kona tu, nirudi."

Mdumiseni akahamia kwenye kioo, akaendelea kufuta.