Unyayo Mmoja Nje ya Alama

Jumamosi saa tatu asubuhi, ukumbi wa usharika kule Njiro ukiwa umeshafagiliwa, Mwalimu Abdiel alichora alama ya chaki sakafuni, akasimama juu yake peku, akainama, akaanza kata, ule mfululizo wa mapigo ya karate unaochezwa peke yako. Wanafunzi wake walikaa kimya ukutani. Alikinga, akapiga, akageuka kuwakabili wale maadui wasioonekana, na katika mgeuko wa mwisho akatoweka. Kata aliimalizia sokoni Kwa Mrombo, mbele ya meza ya nyanya ya Naserian.

Ukumbini mwanafunzi mkubwa aliendelea kuwahesabia wenzake. Mwalimu angerudi na bajaji, kama Jumamosi zote.

Sokoni nako walishamzoea. Anyesi, muuza vitunguu wa meza ya pili, alivuta ndoo yake pembeni, maana wiki iliyopita mwalimu aliikanyaga.

"Shikamoo, sensei," Naserian alisema.

"Marahaba. Habari za hapa?"

"Nzuri tu. Kandambili zipo chini ya meza."

Abdiel alizivaa bila kumtazama usoni. Alikuwa anaona aibu, wala haikuwa aibu ya kuonekana peku.

Miaka yote amefundisha kwamba kata ni urithi: huongezi, hupunguzi, na unapoanzia ndipo unapoishia. Miaka sita iliyopita klabu ilipewa nafasi moja tu ya mtihani wa mkanda mweusi, wakapimwa wasichana wawili, Naserian na Hope, bintiye Abdiel wa kumzaa. Watahini wenzake waliangalia mikono. Yeye alikabidhiwa miguu. Hope aliishia unyayo mzima nje ya alama. Naserian aliishia juu ya chaki kabisa. Abdiel akainuka, akaifuta alama kwa mguu kama mtu anayepita zake, kisha kosa la binti yake akampa Naserian. Nani angembishia? Hope leo ana klabu yake Themi. Naserian aliinama, akashukuru, hakurudi tena.

Tangu siku ile kila kata ya Abdiel inaishia hapa. Alijaribu kata fupi. Alijaribu kuanza ameupa Mlima Meru mgongo, akafika palepale, ila ameelekea vitunguu.

Leo alikuwa amekusudia kusema. Maneno alikuwa ameyapanga tangu alfajiri.

"Naserian, ule mtihani..."

"Hata mimi nataka kukuuliza habari za ule mtihani," Naserian alisema. "Kuna wasichana mtaani kwangu wananisumbua niwafundishe. Nimewaambia mpaka mwalimu wangu aniangalie kwanza. Siwezi kuwarithisha makosa."

Alivua kanga kiunoni, akavua viatu, akachora alama vumbini kwa kisigino. Akaanza. Wateja walipisha. Abdiel aliona mikono ambayo Hope hajawahi kuwa nayo, na yeye mwenyewe hajawahi kuwa nayo, na moyo ukamuuma. Hatua ya mwisho Naserian aliivuta kidogo, akaishia unyayo mmoja nje ya alama.

"Siku ile macho yaliniambia nipo juu ya chaki," alisema akihema. "Wewe ukasema sipo. Basi nimejifunza kutoyasikiliza. Miaka sita, kila alfajiri, nikihisi nimefika, nasogea unyayo mmoja. Sasa nimepata?"

Hakutazama chini. Alimtazama mwalimu wake. Anyesi ndiye aliyetazama chini, kisha akamtazama Abdiel, akangoja naye.

Abdiel alifikiria ile klabu ya Themi, na picha ya Hope yenye fremu mlangoni, na wazazi wa wanafunzi wanaosimama kumpokea kila anapoingia. Kusema kweli, aliogopa.

"Umepata," alisema.

Naserian aliinama, akashukuru. Alitabasamu kweli, mara ya kwanza kwa miaka sita, akarudi kumpimia mteja nyanya.

Jumamosi iliyofuata Abdiel alianza kata Njiro, akaimalizia Kwa Mrombo. Aliwakuta wasichana saba wamejipanga kati ya meza, Naserian akiwahesabia. Waligeuka pamoja, wakapiga pamoja, wakaishia wote saba unyayo mmoja nje ya alama zao, kisha wakamgeukia mwalimu wa mwalimu wao, wakamwamkia.